Meseji Kutoka Shuleni: Soma, Thibitisha, Ndipo Ulipe

Wiki ya mwisho ya likizo simu ya mzazi haipoi. Jumatano inaingia meseji ya kwanza: shule inafunguliwa Jumatatu, mtoto aje na rimu moja ya karatasi, tishu na ufagio. Ijumaa inakuja ya pili: pesa za lunchi za muhula huu zimepanda. Jumapili jioni, ukiwa bado unapiga yunifomu pasi, grupu ya wazazi inalia: Gredi ya 4 wanaenda ziara, na mwisho wa kulipa ni kesho saa nne asubuhi. Halafu katikati ya hizo meseji nne au tano za ukweli, inapenya moja ambayo haikutoka shuleni kabisa.

Hiyo moja ndiyo inayotufanya tuandike leo. Wateja wetu wengi ni wazazi, na tapeli anajua kalenda ya shule kama wewe unavyoijua. Anajua muhula wa kwanza unaanza Januari, wa pili mwishoni mwa Aprili au hivi, wa tatu mwishoni mwa Agosti. Anajua wiki hizo tatu mzazi ana pesa kwenye simu na ana haraka. Hahitaji kukudanganya sana. Anahitaji tu kusema kitu ambacho tayari ulikuwa unakingojea.

Zamani habari za shule zilikuja kwa barua iliyokunjwa ndani ya daftari, ina muhuri wa mwalimu mkuu na pengine doa la maharagwe. Pesa nazo zilirudi kwa njia hiyo hiyo, zimefungwa kwenye kipande cha karatasi, na mara nyingine hazikufika, kwa sababu mtoto ni mtoto. Tangu pesa kwa simu zilipoanza hapa nchini Machi 2007, habari na malipo vimehamia kifaa kimoja. Hiyo imetusaidia sana. Lakini barua ilikupa usiku mzima wa kuuliza jirani. Meseji inakupa dakika moja, na dakika moja ndiyo tapeli anayoitaka.

Angalia jina, lakini ujue jina gani unatafuta

Ushauri ambao kila mtu ameusikia ni huu: kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Ni ushauri mzuri, ila kwa shule haujakamilika, na hapo wazazi wengi huchanganyikiwa.

Shule zinapokea pesa kwa njia tofauti. Kuna shule yenye Paybill yake yenyewe, na hapo utaona jina la shule. Kuna shule inayotumia Paybill ya benki, na hapo skrini itakuonyesha jina la benki, si la shule, hata kama namba ni sahihi kabisa. Mzazi anaona jina la benki, anaogopa, anaghairi. Mwingine anaona jina la benki, anasema "ah, benki ni salama", analipa bila kuangalia akaunti. Huyu wa pili ndiye yuko hatarini zaidi. Paybill ya benki ni kama stendi ya matatu: kila mtu anapitia hapo, tapeli pia. Kinachoonyesha pesa zinaenda kwa nani ni namba ya akaunti unayoandika baadaye. Tapeli akikutumia Paybill halisi ya benki kubwa pamoja na namba yake ya akaunti, jina litakuwa la benki na pesa zitakuwa zake.

Kwa hivyo fanya hivi mara moja tu, siku ambayo huna haraka. Nenda ofisi ya shule, au chukua fomu ya kujiunga au ile karatasi ya karo yenye muhuri, uhifadhi Paybill na akaunti ya shule kwenye orodha ya majina ya simu yako, kama unavyohifadhi namba ya shangazi. Baada ya hapo usilipe kwa namba iliyokuja kwa meseji. Lipa kwa ile uliyohifadhi. Meseji ikisema "tumebadilisha akaunti", hiyo ndiyo siku ya kupiga simu shuleni, hata kama ina nembo, hata kama imeandikwa "Mzazi Mpendwa" kwa herufi kubwa. Shule hubadilisha benki, ndiyo. Lakini haiwezi kukasirika kwa sababu umeuliza.

Na ukiambiwa utume kwa namba ya kawaida ya simu? Hapa tutasema wazi tunavyoona sisi. Kuna shule ndogo ambapo mwalimu wa darasa hukusanya pesa za ziara kwa simu yake, na wengi wao ni watu waaminifu kabisa. Lakini hata mwalimu mwaminifu hapati ulinzi hapo: pesa za watoto arobaini zinachanganyika na mshahara wake na deni lake la duka, na siku mzazi mmoja akisema "mimi nililipa", mwalimu hana kitabu cha kumjibu. Kama uko kwenye kamati ya wazazi, lipeleke jambo hili mkutanoni. Till nayo haitoshi sana kwa kazi hii. Inaonyesha jina la shule vizuri, lakini haina mahali pa kuandika mtoto ni nani, kwa hivyo karani anabaki kulinganisha majina ya waliotuma na majina ya watoto. Baba anaitwa hivi, mtoto anaitwa vile, na aliyetuma ni mjomba.

Brian gani?

Hili la akaunti ndilo makarani wa shule hulilia. Sehemu ya akaunti mzazi anaandika "Brian". Mwingine anaandika "lunchi". Mwingine anaandika "Mama Brian Gredi 3", na mtambo unakata herufi za mwisho. Pesa zimefika shuleni, hazijapotea, lakini hazina mwenyewe. Wiki ya tatu Brian anarudi nyumbani na kikaratasi cha deni, na mama mtu anaapa kwamba alilipa. Alilipa kweli.

Andika namba ya usajili ya mtoto, ile iliyoko kwenye ripoti yake. Kama shule inatumia Paybill ya benki, uliza mpangilio wao. Zingine hutaka akaunti ya shule, kisha alama ya #, kisha namba ya mtoto, bila nafasi katikati. Una watoto wawili shule moja? Lipa mara mbili, kila mmoja na namba yake. Utalipia ada mara mbili, ni kweli, ila ni nafuu kuliko nauli ya kwenda kubishana ofisini. Ukituma kwa bibi kijijini ili yeye alipe, mwandikie hiyo namba kwenye karatasi aibandike ukutani.

Kuhusu ada yenyewe, wengi hawajui kwamba si Paybill zote hutoza sawa. Kuna ambazo shule imekubali kubeba ada yote, kuna ambazo mzazi anabeba yote, na kuna zile mnagawana. Uliza shule yako iko wapi. Kama ada ni yako na unalipa lunchi mdogo mdogo kila siku, piga hesabu ya muhula mzima uone. Mara nyingi kulipa kwa wiki au kwa nusu muhula kunakubakishia kitu.

"Mwanao ameanguka"

Sasa ile mbaya zaidi. Simu inalia saa tano asubuhi, namba ngeni. Mtu anaongea kwa haraka, nyuma kuna kelele. "Mama, mimi ni mwalimu. Mtoto ameanguka uwanjani, tuko naye hospitali, daktari anataka elfu tatu ya dawa kabla amguse. Tuma kwa hii namba, ninayoongea nayo."

Hakuna mzazi anayesikia hayo akabaki mtulivu. Ndiyo maana inafanya kazi hata kwa watu walioelimika, hata kwa askari, hata kwa watu wa benki. Tusicheke aliyetuma. Tapeli anaweza hata kujua jina la mtoto na darasa lake, na tutaeleza hapo chini anayapata wapi.

Tafadhali zungumzeni nyumbani kabla siku hiyo haijafika, baba, mama, dada wa nyumbani na bibi. Mkubaliane kwamba mtu akipiga na habari kama hiyo, jibu ni moja: "Asante mwalimu, nakupigia sasa hivi." Unakata. Unapiga namba ya shule uliyoihifadhi wewe mwenyewe, si ile iliyokupigia. Haishiki? Mpigie mwalimu wa darasa, au mzazi mwenzako anayeishi karibu na shule, au yule jamaa wa boda boda anayempeleka mtoto. Kama ni kweli, umechelewa dakika mbili. Mwalimu wa kweli ataelewa. Tapeli ndiye atakayesema "usikate simu".

Kuna ndugu yake huyu, mpole zaidi. Inaingia meseji inayofanana na zetu: umepokea shilingi 4,500. Dakika moja baadaye mama mmoja anapiga akilia, eti ametuma karo ya mtoto kwa namba yako kimakosa na mtoto amefukuzwa shule, umrudishie. Huruma inakuingia. Usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Meseji ya kweli huja pale pale ambapo meseji zetu zote za awali ziko. Ya uongo huja kutoka namba ya kawaida ya simu. Na hata salio likionyesha pesa zimeingia kweli, mwambie aliyekosea apige huduma kwa wateja. Kurudisha pesa zilizokosewa ni kazi yetu, na sisi hatuhitaji PIN yako kuifanya.

Mtoto hafukuzwi kwa sababu ya mchango

Meseji nyingi za uongo hutumia tishio: lipa leo la sivyo mtoto hataingia darasani. Kwa hivyo inafaa kujua sheria inasemaje. Masomo ya shule za msingi za umma yalifanywa bure Januari 2003, na kiwango rasmi cha serikali ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine inaweza kuwepo ikiwa imeidhinishwa na Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto asikatazwe kuhudhuria shule kwa kukosa kuilipa. Sheria hiyo hiyo inasema hakuna mtu atakayekusanya mchango bila kutoa risiti rasmi.

Hatuandiki haya ili ugombane na mwalimu mkuu. Shule nyingi zinahangaika, na shilingi 1,420 haziendi mbali. Ila mzazi anayejua haya hatetemeki akipata meseji ya vitisho saa mbili usiku. Na anajua kuomba risiti. Meseji ya muamala inaonyesha pesa zimetoka kwako. Risiti ya shule inaonyesha wamekubali zimeingia kwa jina la mtoto wako. Weka zote mbili. Shule za kibinafsi zina mkataba wao na wewe, lakini risiti ni haki kule pia.

Grupu ya wazazi inasikiza zaidi ya wazazi

Tulisema tutaeleza tapeli anapata wapi jina la mtoto. Mara nyingi anapewa. Mzazi analipa, anapiga picha ya skrini, anaiweka kwenye grupu: "Nimelipa mwalimu." Picha hiyo ina kiasi, namba ya muamala na mara nyingi salio lililobaki. Chini yake ameandika "Brian Gredi 3 Bluu". Grupu ina watu 180, na hakuna anayejua wote ni akina nani. Wengine watoto wao walishahama shule miaka miwili iliyopita.

Tuma uthibitisho kwa karani peke yake, na namba ya muamala na namba ya mtoto zinatosha kabisa. Wasimamizi wa grupu, kila muhula mpya ondoeni namba zisizojulikana. Shule nazo zina wajibu wao kwa taarifa za watoto chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Jambo dogo linalosahaulika: ukibadilisha laini, iambie shule wiki hiyo hiyo. Laini iliyoachwa bila kutumika hatimaye hupewa mtu mwingine, na mtu huyo ataanza kupokea habari za mtoto wako, jina, deni na siku ya ziara, huku wewe ukishangaa mbona shule imenyamaza.

Ukishatuma kwa mtu asiyefaa

Usimpigie tapeli kumwomba. Kila dakika unayobembeleza, yeye yuko kwa ajenti anatoa. Piga huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Tukiwahi kabla pesa hazijatolewa, tunaweza kuzizuia. Zikishatolewa, hatuwezi kukuahidi. Usifute meseji yoyote, hata ile ya matusi atakayokutumia mwisho. Piga ripoti kituo cha polisi, uchukue namba ya OB. Halafu iarifu shule, kwa sababu ile meseji haikuja kwako peke yako, na kuna mzazi wa Gredi ya 2 ambaye hivi sasa ameifungua na anatafuta miwani yake aisome.