SOMO LA HADITHI FUPI: NJIA ILIYOFUNGWA

Ndugu wanafunzi wa Bukoba na Muleba! Leo tutajifunza kufumbua hadithi fupi. Kazi hii si ngeni kwenu. Msimulizi wa Kihaya huanza kwa kusema kwamba alikuja akaona. Nao wasikilizaji humwitikia aone, ili nao waone. Basi msomaji naye ni mtazamaji.

Hadithi yetu ni ya Chinua Achebe wa Nigeria, ya mwaka 1953. Jina lake maana yake ni Njia ya Wafu. Sikilizeni.

Kijana Michael Obi alifanywa mwalimu mkuu wa shule ya Ndume. Alitaka shule ya kisasa, yenye bustani. Siku moja akamwona bibi kizee akikatiza katikati ya maua. Kumbe hapo palikuwa na njia ya zamani, iendayo makaburini. Obi, akimwogopa mkaguzi, akaifunga kwa miti na seng'enge. Kuhani wa kijiji akaja, akamweleza kwa upole kwamba wafu hupita hapo, na watoto wanaokuja kuzaliwa hupita hapo. Obi akacheka. Baada ya siku mbili mwanamke mmoja akafa katika uzazi. Kulipokucha, maua yamekanyagwa na jengo moja limebomolewa. Siku ile ile mkaguzi Mzungu akafika, akaandika taarifa ya kumlaumu Obi.

Sasa tufumbue. Usiseme upesi, "Obi ni mbaya," wala, "Wanakijiji ni wajinga." Jiulize mambo matatu.

Kwanza, kila mtu anataka nini? Obi anataka maendeleo. Kuhani anataka wazee wake wasikatwe na walio hai.

Pili, njia ile ni nini? Kwa Obi ni kasoro ya bustani. Kwa kijiji ni mlango.

Tatu, mwandishi amenyamaza wapi? Hasemi kama kweli njia ndiyo iliyomwua mama yule. Hapo anakuachia wewe.

Nanyi mnajua kibanja: migomba, mibuni na makaburi ya wazee mahali pamoja. Ikitakiwa barabara ipite hapo, wewe uliyejifunza kusoma ndiwe utakayeitwa kusoma barua na kuijibu. Utacheka kama Obi, au utamwuliza mzee kwanza?

Jadilianeni: Kuhani alipokuja, Obi angeweza kujibu nini, shule ikabaki na njia ikabaki?