Kitufe cha 5 Katika Simu

Twaeni simu ya mkononi yenye vitufe, mkafumbe macho. Pitisheni kidole polepole: katika simu nyingi mtagusa kinundu kidogo juu ya kitufe cha 5. Hicho si pambo, bali ni kiongozi cha kidole. Juu yake ipo 2, kushoto 4, kulia 6, chini 8. Na chini ya 8 ipo 0. Mpangilio huo wa tarakimu ulianza katika simu za Marekani mwaka 1963. Alama za * na # zikaongezwa mwaka 1968. Hivyo kipofu, au mama aliyeshikwa na uchungu usiku pasipo taa, aweza kuita msaada. Wazazi, wazoezeni watoto wenu kuipiga namba ya jirani gizani.