Bei ya Nyongeza za Michezo ya Video

Najua wengi wenu hucheza michezo ya video wakati wa likizo, nanyi mliokwisha kumaliza masomo ndio mnaowalipia wadogo zenu. Basi yafaa tujue habari za nyongeza, yaani vile vipande mtu anavyovinunua na kuvipakua kwa intaneti baada ya kununua mchezo wenyewe.

Habari iliyo mashuhuri ni ya deraya ya farasi. Mwezi wa Aprili 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza deraya ya farasi wa mchezo wake uitwao Oblivion kwa dola 2.50. Wachezaji walicheka, wengine wakakasirika, maana lilikuwa karibu pambo tupu. (Hata hivyo wengi walilinunua!) Walakini kampuni ya CD Projekt Red ya Polandi, iliyotoa The Witcher 3 mwaka 2015, iligawa nyongeza ndogo 16 bure, kisha mwaka 2016 ikauza Blood and Wine kwa karibu dola 20. Hiyo ni mara nane ya deraya, lakini mnunuzi alipata nchi mpya na hadithi ndefu, wala sikusikia watu wakinung'unika sana.

Wengine husema kwamba kunakili hakugharimu kitu, kwa hiyo nyongeza zote ziwe bure. Mimi sikubali. Wachoraji na mafundi hula mshahara. Lakini mwaka 2012 kampuni ya Capcom iliuza Street Fighter X Tekken, na wapiganaji 12 walikuwamo tayari ndani ya diski, wamefungiwa mpaka ulipe tena. Ni kama kununua nyumba, ukaambiwa ufunguo wa chumba kimoja unauzwa mbali.

Lililo baya zaidi kwangu ni kuuziwa kitu usichokiona. Mdogo wangu alimaliza nauli yake ya kurudi shule kwa kununua masanduku yaliyofungwa katika mchezo mmoja wa simu, akitafuta silaha moja ambayo hakuipata. Bei ya sanduku aliijua. Bei ya silaha hakuna aliyemwambia. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kuwa biashara ya namna hii katika michezo kadhaa, FIFA 18 ikiwamo, ni kamari. Kampuni ya EA ilibisha, lakini Januari 2019 ikaacha kuuza FIFA Points katika nchi ile.