Meno ya Mbele Huamuliwa Mlimani

Anayetafuta baiskeli ya milimani huanza kuuliza inakimbia kiasi gani. Hilo ni swali la barabara ya lami, na likipelekwa mlimani humchagulia mtu sproketi ya mbele isiyomfaa. Idadi ya meno ya sproketi hiyo, yawe 28, 30, 32 au 34, iamuliwe pale ambapo baiskeli inakwenda polepole kuliko pote: kwenye mwinuko mkali unaoukwea mara kwa mara, tena ukiwa umeshachoka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa tairi, nawe utapata umbali unaosogea kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Tairi ya inchi 29 ina mzingo wa takriban mita 2.3. Kwa meno 32 mbele na 50 nyuma, ambayo ndiyo gia nyepesi kabisa kwenye kaseti (mafungu ya sproketi za nyuma) nyingi za gia 12, mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.47. Ukinyonga mizunguko 60 kwa dakika, unapanda kwa kilomita 5.3 kwa saa. Sasa tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 85, na mwinuko ni wa asilimia 15. Kuubeba uzito huo tu, kabla hujahesabu kokoto na matope, kunadai wati 180 hivi. Mtu wa mazoezi ya wastani huzimudu kwa dakika kadhaa. Kuzitoa nusu saa nzima ni kazi nyingine kabisa. Nguvu zikipungua, mizunguko hushuka hadi 45, hadi 40, na hapo ndipo gia nzito inapomwangusha mtu. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa, mguu hausukumi karibu chochote. Nguvu yote huingia pedeli inapopita katikati. Mizunguko ikiwa ya haraka, mapengo hayo hayaonekani. Ikiwa ya polepole, tairi la nyuma hupokea nguvu kwa mishtuko: linashika, linateleza, linatupa changarawe nyuma, na mguu unatua chini. Kuanzia hapo ni kukokota. Kwa hiyo gia nyepesi haikupunguzii jasho tu, inalinda mshiko wa tairi.

Wapo wanaoiona sproketi ya meno 30 kuwa ya wanyonge. Hao wamesahau baiskeli za jana. Kabla kampuni ya SRAM haijaleta mfumo wa gia wa XX1 mwaka 2012, wenye sproketi moja mbele na gia 11 nyuma, baiskeli nyingi za milimani zilikuwa na sproketi tatu mbele, kwa mfano za meno 22, 32 na 44. Tairi zilikuwa za inchi 26, mzingo wake mita 2.07 hivi. Meno 22 mbele kwa 34 nyuma yalisogeza baiskeli mita 1.34 tu. Kuipata gia hiyo leo kwenye tairi ya inchi 29 na kaseti ya 50 kunahitaji meno 29 mbele, kwa hiyo hata 30 bado ni nzito kuliko waliyoitumia waliotangulia. Kinachoniuma zaidi ni baiskeli za mitumba ambazo sproketi zote tatu hung'olewa, ikafungwa moja ya meno 32, huku nyuma ikibaki kaseti ileile inayoishia meno 32. Kama ndogo ya awali ilikuwa ya 22, gia nyepesi imeruka kutoka mita 1.42 hadi 2.07, yaani imeongezeka uzito kwa karibu nusu. Baiskeli inapendeza machoni, lakini mlima imeshaukataa.

Usidanganywe na wastani wa njia pia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto, kule Usambara, hupanda takriban mita 1,000 kwa kilomita 33 hivi, wastani wa asilimia 3 tu. Ukichagua meno kwa wastani huo, vijia vya mashambani juu ya Lushoto vitakushusha kwenye baiskeli.

Pingamizi kubwa dhidi ya sproketi ndogo ni kasi. Kwa meno 30 mbele na 10 nyuma, ukinyonga mizunguko 90 kwa dakika unakwenda kilomita 37 kwa saa. Kwa 32 unakaribia 40. Kwenye kijia cha kuteremka, mtu wa kasi hiyo amesimama juu ya pedeli, vidole viko kwenye breki, wala hanyongi. Tofauti hiyo ina maana kwa anayepita kilomita nyingi za lami au changarawe tambarare kabla ya kuufikia mlima, na huyo namkubalia 34 bila ubishi. Washindani wakubwa hufunga 36 au 38 kwa sababu miguu yao hutoa wati ambazo wengi wetu hatutazifikia.

Pingamizi jingine, la uchakavu, lina ukweli. Sproketi ndogo huvuta mnyororo kwa nguvu zaidi, na meno yake machache hugawana mzigo mkubwa. Lakini sproketi kubwa nayo hukulazimisha kukaa muda mrefu kwenye gia ya ndani kabisa ya kaseti, ambako mnyororo hupinda kwa ubavu. Na kama baiskeli ina shokapu nyuma, fuata kipimo cha mtengenezaji wa fremu, maana ukubwa wa sproketi hubadilisha jinsi shokapu inavyoitikia unaponyonga.

Jipime kwenye mlima wako, mwishoni mwa safari, ukiwa kwenye gia nyepesi kuliko zote: hesabu mizunguko ya mguu mmoja kwa dakika. Ikiwa chini ya 60, punguza meno mawili. Ikizidi 80 na bado unaweza kuzungumza, ongeza mawili. Kutoka 32 kwenda 30, kasi ileile iliyokuwa ya mizunguko 60 inakuwa ya 64, na mara nyingi mnyororo haukatwi. Ukibadilisha meno manne, mwambie fundi aupime upya urefu wake kabla hujatoka.