Kabla hujambeba huyo mtoto wa mbwa hadi kwa keja, sikia haya

Unawajua. Wanasimama kando ya barabara pale Westlands, jamu ikikaza tu wanakuja dirishani na mtoto wa mbwa mweupe kiganjani, manyoya yamechanwa, shingoni kafungwa utepe mwekundu. Jamaa anakuambia huyu ni Japanese Spitz orijino, ana miezi miwili, chanjo zote ashapata, hata kadi iko. Wewe umetoka kazini town, umechoka, mshahara umeingia jana, na yule mdogo anakuangalia na macho yale. Kabla hujafika Kangemi tayari umempa jina.

Sikuambii usifuge. Kukaa peke yako kwa bedsita Nairobi ni noma, na kiumbe kinachofurahi ukifungua mlango si kitu kidogo. Lakini kuna mambo ambayo watu huyasikia kwa daktari wa mifugo wakiwa wamechelewa, na afadhali wewe uyasikie mapema. (Ndiyo, anaitwa daktari wa mifugo hata kama paka wako hajawahi kukamuliwa. Zoea.)

Tuanze na huyo mweupe. Siku tatu za kwanza anaruka ruka, anauma kamba za viatu. Siku ya nne hali. Siku ya tano anatapika. Halafu anahara, kinyesi ni damu, na harufu yake ukishainusa mara moja huisahau. Hiyo mara nyingi ni pavo. Ni virusi vinavyoharibu utumbo na kuangusha kinga ya mwili kwa pamoja. Dalili huchukua kama siku 3 hadi 7 kujitokeza baada ya mbwa kuambukizwa, ndiyo maana siku unamnunua anaonekana mzima kabisa. Muuzaji anaweza hata asijue. Watoto wa mbwa kutoka mama tofauti wamewekwa kwa katoni moja, wengine wametolewa kwenye nyonyo kabla hata wiki 8 hazijaisha. Hapo kirusi kimoja kinatosha kuwamaliza wote.

Dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo. Daktari anamwekea dripu, anazuia kutapika, anampa antibayotiki ili bakteria wa utumboni wasiingie kwenye damu. Akiwahiwa, ana nafasi nzuri ya kupona. Akiachwa nyumbani na maji ya chumvi, wengi huenda ndani ya siku chache. Na hapa ndipo watu hukosea mara ya pili: mbwa akifa wiki hii, wiki ijayo wanaleta mwingine ndani ya nyumba ile ile. Virusi vya pavo hukaa miezi mingi sakafuni na kwenye udongo, sabuni ya kawaida haivitishi. Jiki inavimaliza, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji, iache dakika 10 kabla ya kusuuza. Uwanja wa udongo wa ploti huwezi kuupiga jiki wote, kwa hivyo mbwa mpya awe amemaliza chanjo kwanza.

Kuhusu hiyo kadi. Mbwa wa miezi miwili hawezi kuwa amepata chanjo “zote”. Zile za pavo na distempa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ile ya kichaa cha mbwa huja akiwa na miezi 3. Kadi ya kweli ina stika ndogo iliyobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, tarehe, sahihi, na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kadi iliyojazwa kwa biro tu, mwandiko mmoja, tarehe zote za siku moja? Hiyo ni karatasi, mtu wangu.

Ukitaka mahali pa kuanzia upande wetu huu wa magharibi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chake cha tiba ya mifugo Upper Kabete, na kliniki ya wanyama wadogo iko hapo hapo. Ukiwa town unapanda mat inayopita Waiyaki Way. Na kama unachotaka ni mwenzako tu, si rangi ya manyoya, nenda KSPCA kule Karen kwenye Lang'ata Road. Wana mbwa na paka waliookolewa ambao wanatafuta kwao, na hakuna anayekukimbiza eti jamu inafunguka.

Sasa tuongee jambo ambalo linaweza kukuua wewe, si mbwa.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza 1912, kwa mbwa, viungani mwa Nairobi hii yetu. Zaidi ya miaka 100 na bado kipo. Duniani kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni karibu hakuna anayepona. Lakini ukiwahi kabla ya dalili, kinazuilika kabisa. Kati ya hayo mawili hakuna katikati, ndiyo maana nataka usome aya inayofuata polepole.

Ukiumwa, au hata ukikwaruzwa ngozi ikachubuka, au mbwa akalamba kidonda chako: fungua mfereji, osha hapo na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 kwa saa, si kwa hesabu ya kichwa. Usipake pilipili, mafuta taa, chumvi wala majani ya shosho. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano, na ukamalize zote, kwa sababu hupewa kwa awamu. Wengi huacha baada ya ya pili wakiona wako fiti. Kidonda kupona hakumaanishi chochote. Kirusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kinaweza kuchukua wiki au miezi.

Kama mbwa mwenyewe anajulikana, asiuawe na kutupwa kwa shimo. Afungiwe mahali salama na aangaliwe siku 10 chini ya daktari wa mifugo. Mbwa aliyekuwa na kirusi mateni siku anakuuma ataonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo. Wewe lakini usingoje hizo siku 10 ndipo uende hospitali. Unaanza sindano, kisha daktari ataamua kama unaendelea.

Na dalili zenyewe si zile za filamu tu, mbwa anatoa povu akikimbiza kijiji kizima. Wakati mwingine ni kinyume. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla. Anajificha gizani. Sauti inabadilika. Taya linalegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, na mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa, anaingiza mkono kinywani kuutafuta. Tafadhali usifanye hivyo. Na usiseme “lakini ni kapapi kadogo” au “lakini ni paka”. Wote wanaweza kuwa nacho.

Serikali iliweka mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kufikia 2030. Kanuni yake ni rahisi: ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kirusi kinakosa pa kwenda. Fikiria hiyo hesabu ukiwa juu ya lile daraja la Kangemi. Upande mmoja Loresho, mbwa ana kadi, ana kitanda, ana daktari wake. Ng'ambo ya barabara mbwa wa mtaa hana mwenyewe wa kumtaja, ila usiku kila mtu anategemea abweke. Wote wawili hukutana kwenye takataka zile zile. Kwa hivyo ukisikia tangazo la chanjo ya bure, hasa karibu na Septemba 28 ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, peleka wako, na umshike kamba yule wa ploti asiye na mtu umpeleke pia.

Twende kwa dawa, kwa sababu hapa ndipo watu wa Nairobi tunajifanya madaktari. Panadol kwa paka ni sumu. Tembe moja inaweza kumuua, mwili wake hauwezi kuivunja. Brufen kwa mbwa inatoboa tumbo na kuharibu figo. Ile dawa ya kuogesha ng'ombe kupe ambayo muuzaji wa agroveti anakupimia kwa kifuniko, usimwagie mbwa kwa kukisia, na paka usimguse nayo kabisa. Hata dawa ya kupe ya mbwa, ikiwa ina permetrini, ukimpaka paka ataanza kutetemeka na anaweza kufa. Soma kibandiko. Kama kimetoka, usinunue.

Lakini kupe wenyewe usiwapuuze pia. Huku Uthiru, Dagoretti na Kikuyu, ambako watu bado wana ng'ombe nyuma ya nyumba, wanapatikana mwaka mzima. Mbwa akipoa, akakataa chakula, akawa na joto, inua mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, au akitokwa na damu puani, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe na inataka kipimo cha damu, si kubahatisha.

Wenye paka sasa. Najua wengi mlimleta kwa sababu ya panya, hakuna aibu hapo. Tatizo ni kwamba jirani yako naye ana panya, na yule jamaa wa spika pale steji anauza dawa ya panya, mende, kunguni, siku nzima. Panya akila sumu anazubaa, paka anamkamata kirahisi, na sumu inahamia kwake. Kama una paka, ongea na majirani, na mpe chakula cha kutosha ili asitegemee mawindo. Maziwa si chakula chake. Paka wengi wakubwa huharishwa nayo.

Paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake, anajikamua, analia, na mkojo hautoki: hiyo si kufunga choo na si tabia mbaya. Njia ya mkojo imeziba. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Usingoje Jumatatu, usingoje mshahara, piga simu kliniki mara hiyo.

Na paka aliyeanza kukojoa kitandani hakuchukii. Mchunguze afya kwanza, kisha angalia beseni lake. Ni chafu? Liko karibu na chakula? Umebadilisha mchanga? Paka ni mwenye nyumba mkali kuliko yule wako wa kodi.

Tabia za mbwa ndizo huleta vita na msimamizi wa ploti. Umeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda town, unarudi saa mbili usiku, jirani anakuambia amebweka kutwa. Ukifungua, kiatu kimoja kimekwisha na kuna zawadi katikati ya chumba. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi chochote, ila kukuogopa. Hajui unamwadhibu kwa kitu alichofanya saa tatu zilizopita. Kinachofanya kazi ni cha kuchosha: umtoe asubuhi na mapema umtembeze hata dakika 30, akifanya haja nje umpe kitu kitamu papo hapo, na ukiwa kazini uombe mtu amtoe mchana. Kama ratiba yako hairuhusu hayo, paka ni chaguo zuri zaidi, au wawili.

Kuna imani moja inanikasirisha. Eti ukimfungia mbwa gizani siku nzima na kumlisha pilipili atakuwa mkali kwa wezi. Pilipili inamchoma tumbo. Giza linamfanya mwoga, na mbwa mwoga huuma anayemkaribia kwanza, ambaye kwa kawaida ni mtoto wa nyumba, si mwizi. Mbwa hujifunza dunia ikoje akiwa kati ya wiki 3 na 14 hivi. Muda huo mkutanishe na watoto, boda, miavuli, watu wa kofia, akiwa mikononi mwako kama chanjo hazijaisha. Akikua atajua nani mgeni na nani tisho.

Kuhasi pia kuna maneno mengi, hasa wanaume wakisikia kisu. Lakini jike aliyefungwa kizazi hakuletei watoto 8 usio na pa kuwapeleka, na dume hatoroki ovyo kila akinusa jike. Pia kuna uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana, kama kiuvimbe kinachotoa damu kwa matone. Ukiona damu hiyo usidhani ni joto tu. Unatibika, kwa sindano za kila wiki.

Diwali nayo ikifika, ukikaa Parklands au Westlands unajua fataki zinavyolia. Usiku huo mfungie ndani kabla giza halijaingia, funga mapazia, washa redio kwa sauti, na mvalishe ukanda wenye namba yako ya simu. Mbwa aliyeshtuka hupita dirishani, huvuka Waiyaki Way bila kuangalia, na kesho yake unabandika picha yake kwenye nguzo za stima.