Kitenzi Kimoja, Majina Mawili



Mwaka jana nusura nimfunge mtoto wa dada yangu kwa kamusi. Kijana huyo anafanya kazi Marseille, Ufaransa, mji wenye Wangazija wengi. Siku mbili simu yake haikushikwa. Siku ya tatu mwenzake wa chumbani, asiyejua neno la Kiswahili, akatuletea picha ya karatasi iliyoandikwa juu: Avis d'arrêt de travail. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye kujigamba kwa lugha, basi nikaitwa. Nikafungua kamusi, nikakuta kitenzi arrêter: kusimamisha, tena kukamata. Travail ni kazi. Nikasema, "Hii ni taarifa ya kukamatwa kazini." Dada yangu akaangua kilio kama cha msiba. Kabla ya adhuhuri bangili zake za dhahabu zilikuwa kwa sonara, apate fedha za wakili.

Alasiri nikamwendea jirani yetu, Mngazija aliyesoma Moroni. Akaisoma karatasi, akacheka, kisha akanikalisha kitako akanisomesha.

Kifaransa, alisema, huzaa majina kutokana na vitenzi kwa njia nyingi. Ya kwanza ni kutia mkia: changer, kubadilisha, huzaa changement, libérer, kukomboa, huzaa libération, blesser, kujeruhi, huzaa blessure. Mtendaji naye huitwa chanteur akiwa mwimbaji wa kiume, na chanteuse akiwa wa kike. Hata majina ya vitendo yana uume na uke: yenye mkia wa -ment au -age ni ya kiume, yenye -tion au -ure ni ya kike. Njia ya pili ni kukiacha kitenzi kilivyo na kukitangulizia le: le devoir, wajibu, le pouvoir, uwezo au mamlaka. Ndivyo tusemavyo sisi, "Kuimba kwake kwapendeza." Ya tatu ni kukata mkia. Voler ni kuruka, na pia ni kuiba. Basi vol ni safari ya ndege, na vol ni wizi.

"Hatari iko hapa," akasema. "Kitenzi kimoja huzaa ndugu wawili wenye tabia mbali mbali. Laver ni kuosha. Lavage ni uoshaji, lakini lavement ni maji ya kusafishia tumbo, shughuli ya tabibu. Na arrêter kimezaa arrêt, kusimama, na arrestation, kukamatwa. Mahakama zao husema mandat d'arrêt kwa hati ya kumkamata mtu, kwa hivyo sikulaumu sana. Lakini arrêt de travail ni mapumziko ya kazi aliyoandikiwa na daktari."

Nilitahayari. Chuoni nilisomeshwa sarfu ya Kiarabu: kataba, aliandika, kitaba, kuandika, katib, mwandishi, maktub, kilichoandikwa. Nilijua tangu utotoni kwamba shina moja huzaa watoto wasiofanana. Na Kiswahili changu je? Kufunga kumezaa kifungo cha gerezani, kifungo cha kanzu, na funga ya Ramadhani. Mgeni akisikia kwamba fulani yumo katika funga, akaenda kumtangaza mfungwa, baraza zima litamcheka. Nami ndilo nililolitenda, tena mbele ya mama wa mtoto.

Kumbe kijana alikuwa ameanguka na kuvunjika mkono, na simu yake ikavunjika pamoja nao. Sonara, Mungu amjazi kheri, alizirejesha bangili kabla ya magharibi. Dada yangu alizivaa mbele yangu, moja moja, bila ya kusema neno.

Tangu siku hiyo nikiletewa karatasi ya Kifaransa hutazama kwanza kama neno lina mkia au halina, kisha huvuka njia kwenda kwa jirani. Kinywa hukifungua baadaye.