Waya Mdogo, Amana Kubwa: Tundu la Chaji Kwenye Pikipiki

Usiku mmoja, muda mfupi baada ya sala ya Isha, mpwa wetu aliingia uani akiisukuma pikipiki badala ya kuiendesha. Harufu ya plastiki iliyoungua ilitangulia salamu yake. Alikuwa anatoka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, alikompeleka abiria. Akiwa amebakiza mwendo mfupi kuingia Karatu mjini, aliona moshi ukichomoza chini ya tangi la mafuta. Alisimama, akafungua kava ya pembeni, akauchomoa kwa mkono mtupu waya uliokuwa umezungushiwa tu kwenye kichwa cha betri. Vidole viwili viliungua. Pikipiki, alhamdulillahi, ilisalimika.

Alipokwisha kunywa maji alitutazama akasema, "Mjomba, kama ingeteketea, ningemwambia nini mwenye pikipiki?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Pikipiki ile si yake bado. Ameichukua kwa mkataba: kila siku hupeleka hesabu kwa mwenye mali, na miezi ikitimia ndipo itakapokuwa yake. Ada za shule za wadogo zake na unga wa nyumbani kwao vinatoka kwenye magurudumu hayo mawili. Kilichokaribia kuviteketeza vyote ni tundu la kuchajia simu alilofungiwa siku chache kabla, kwa kazi iliyochukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Kwa nini dereva anahitaji tundu hilo

Wapo wanaodhani kwamba chaji kwenye pikipiki ni anasa ya vijana. Sisi hatuoni hivyo. Kwa dereva wa bodaboda simu ndiyo kijiwe chake cha pili. Abiria wa kudumu humpigia, nauli hulipwa kwa simu, na mama mwenye mgonjwa usiku humtafuta kwa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha nyingi za watu wa kawaida zimehamia kwenye simu, na simu iliyozimika ni pochi iliyofungwa. Anayetoka Karatu kwenda Mang'ola, Endabash au Mbulumbulu anaweza kukaa njiani nusu siku, na pikipiki ikiharibika gizani, simu yenye chaji ndiyo msaada wake wa kwanza baada ya Mola wake.

Kwa hiyo hatuwaambii vijana waache. Tunachosema ni kwamba kazi hii ifanywe inavyopaswa, kwa kuwa tofauti kati ya kazi salama na kazi ya hatari ni vitu vichache sana, na vyote vinapatikana.

Kilichotokea chini ya tangi

Kesho yake tuliketi na fundi mmoja mtu mzima, tukaifungua pikipiki mbele yake. Waya wa tundu ulikuwa mwembamba kama wa spika. Ulitoka moja kwa moja kwenye upande chanya wa betri bila fyuzi, ukapita chini ya tangi na kubanwa kwenye shingo ya usukani. Kila usukani ulipogeuzwa, waya ulisuguana na chuma. Baada ya siku chache za makorongo na mitikisiko, ganda lake lilichubuka na shaba ikagusa bodi.

Mkondo wa umeme hufuata kanuni ambayo Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827: ukigawanya volti kwa ukinzani, unapata ampea. Tundu la simu, likiwa na kazi ya kufanya, huzuia mkondo usizidi kiasi. Lakini waya chanya ukigusa bodi, ambayo imeunganishwa na upande hasi wa betri, ukinzani unakaribia kutoweka, na hata betri ndogo ya pikipiki inaweza kusukuma makumi ya ampea kwa dakika kadhaa. Waya mwembamba hauwezi kubeba mzigo huo. Hugeuka kuwa kaa la moto, huyeyusha ganda lake na la nyaya za jirani, na kwenye pikipiki jirani wa karibu ni petroli.

Fyuzi ndiyo mlinzi wa jambo hili. Watu wengi huamini kwamba fyuzi huilinda simu, kumbe hulinda waya. Ndani yake mna kipande chembamba cha madini kilichotengenezwa ili kiungue kwanza, kabla ya waya kupata moto. Kwa sababu hiyo mahali pake ni karibu kabisa na betri, umbali wa shubiri moja au pungufu, kwenye waya chanya. Fyuzi iliyowekwa mbali, kule kwenye usukani, huuacha waya wote ulio kabla yake bila mlinzi.

Hesabu ya mzigo

Kabla ya kufunga chochote, ni vyema kujua kinakula kiasi gani. Kinachopigiwa hesabu ni wati, nazo ni volti mara ampea. Tundu la kawaida la simu hutoa volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, hivyo tundu hilo huvuta takriban ampea 1 kutoka kwenye betri, tukihesabu na kinachopotea kama joto. Tundu la kuchaji haraka lenye jumla ya wati 36 huvuta zaidi kidogo ya ampea 3. Kwa la kwanza fyuzi ya ampea 3 inatosha, na kwa la pili ya ampea 5. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.75 au 1 hubeba vyote hivyo bila kupata joto.

Fyuzi ikiungua, dawa yake ni kutafuta kilichoiunguza. Kuweka kubwa zaidi, au kuziba nafasi yake kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi.

Hesabu ya pili ni ya betri yenyewe. Pikipiki nyingi ndogo zina betri ya ampea-saa 5 hivi, ambayo ni kama wati-saa 60. Simu ya kisasa yenye betri ya miliampea-saa 5,000 huhitaji karibu wati-saa 19, na pamoja na upotevu wa njiani itachukua zaidi ya 20. Maana yake, ukichaji simu moja kutoka sifuri hadi ijae huku injini imezimwa, umekula theluthi nzima ya betri. Simu mbili za marafiki kijiweni, na jioni swichi ya kuwashia itakujibu kwa kigugumizi. Chaji injini ikiwa inafanya kazi, na utazame pia kwamba taa ya mbele peke yake, kwenye pikipiki nyingi za aina hii, hutumia wati 35.

Namna ya kuvuta umeme

Makosa mawili tumeyaona mara nyingi. La kwanza ni kuunga tundu moja kwa moja kwenye betri bila swichi, hivyo likabaki macho usiku na mchana. Tundu lenye kataa ka kuonyesha volti linaweza kuvuta miliampea 20 hata kama hakuna simu. Ni kidogo, lakini kwa saa 24 inakuwa karibu nusu ya ampea-saa, na betri ya ampea-saa 5 ikikaa siku kumi bila kuendeshwa itakuwa imekauka. Mwenye pikipiki akirudi safarini atalaumu betri isiyo na hatia.

La pili ni kuiba umeme kwenye waya wa taa ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hailishwi na betri. Inapokea mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, unaopanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Tundu la simu limetengenezwa kwa mkondo mnyoofu wa betri. Ukililisha mkondo wa taa huharibika mapema, na wakati mwingine huharibu na kilichochomekwa ndani yake.

Njia iliyonyooka ni kuchukua umeme kwenye waya unaopata uhai pale tu ufunguo unapofunguliwa, kisha kuwekea tawi hilo fyuzi yake hapo hapo linapoanzia. Ikiwa mzigo ni mkubwa, tumia rilei: waya wa ufunguo huiamsha rilei tu, na umeme wenyewe wa tundu hutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Kwa njia hiyo swichi ya ufunguo haibebeshwi mzigo ambao haikuumbiwa. Waya hasi urudi kwenye upande hasi wa betri, au kwenye sehemu safi ya bodi isiyo na rangi wala kutu.

Wakati wa kufungua betri, waya hasi hutoka wa kwanza na hurudi wa mwisho. Sababu yake ni rahisi. Ukianza na chanya, spana ikateleza na kugusa bodi, umefunga mzunguko mzima kwa chuma kilicho mkononi mwako. Hasi ikiwa imekwishatoka, spana hiyo ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Maungio yabanwe kwa viunganishi vya chuma na koleo lake, kisha yafunikwe kwa mpira unaonywea kwa joto. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungushia utepe hakudumu. Hata risasi ya kuunganishia, ambayo wengi huiamini kuliko vyote, huufanya waya uwe mgumu pale mwisho wa ungio, na mtikisiko huukatia hapo hapo.

Waya upitishwe ndani ya mpira wa kukinga, mbali na bomba la moshi, na ufungwe kwenye fremu kwa vifungio vya plastiki. Kwenye shingo ya usukani uachiwe ulegevu: geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, uhakikishe kwamba hauvutwi wala haubanwi. Tundu lenyewe liwe na kifuniko cha mpira, liinamishwe ili maji yasitulie ndani. Vumbi jekundu la Karatu huingia kila mahali, na mvua za masika huligeuza tope.

Kazi ikiisha, pima kwa kipimo cha volti. Betri nzima iliyotulia husoma karibu 12.6, na injini ikizunguka vizuri husoma kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda injini inapozunguka, mfumo wa kuchaji una tatizo, na kuuongezea mzigo ni kuuonea.

Zaidi ya waya

Tunarudi kwenye swali la mpwa wetu. Pikipiki ya mkataba ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine, na dini yetu imelitilia mkazo sana jambo la amana. Kukata nyaya zake na kutoboa plastiki yake bila idhini ya mwenyewe si jambo dogo, hata kama nia ni njema. Ajulishwe kwanza. Wenye mali wengi, wakielezwa kwamba kazi itafanywa kwa fyuzi na kwa fundi anayejulikana, hawana sababu ya kukataa, na huenda wakachangia gharama.

Fundi naye ana sehemu yake. Mteja anayekuja na haraka yake na fedha chache hajui kilichofichwa chini ya siti. Anayejua ni fundi. Akiacha fyuzi ili kazi iwe rahisi, ameuza asichokuwa nacho, yaani usalama. Ujira wa halali unataka kazi ya halali, na kwenye kazi hii tofauti ya gharama ni fyuzi moja na kishikio chake, vitu ambavyo dereva huvilipa kwa nauli za safari chache fupi.

Na sisi wazazi, wajomba na shangazi tuna la kufanya pia. Kijana anapoingia na kitu kipya kwenye pikipiki, tumuulize maswali matatu: Fyuzi iko wapi? Ukitoa ufunguo, tundu linazimika? Waya unapita wapi kufika kwenye usukani? Hayahitaji elimu ya umeme. Asiyeweza kuyajibu arudi kwa fundi kabla ya safari ya usiku. Pia tumkumbushe kwamba tundu limewekwa ili simu iwe na chaji mfukoni au mkobani, na kusoma ujumbe huku magurudumu yanazunguka ni hatari isiyozuiwa na fyuzi yoyote.

Pikipiki ya mpwa wetu imefungwa upya. Fundi yule mtu mzima alibadilisha nyaya nne zilizoyeyuka, akaweka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, akamkabidhi kijana nyingine mbili za akiba ndani ya kifuko kidogo. Mwenye pikipiki aliitwa akaangalia kazi yote tangu mwanzo, naye akaridhika. Alfajiri iliyofuata, vidole vyake vikiwa bado vimefungwa kitambaa, kijana alitoka msikitini akaelekea kijiweni. Tunamuomba Allah amhifadhi yeye na wenzake wote walioko barabarani, na atujaalie sisi tulio nyumbani tusichoke kuuliza.